Neno, Dhumuni au Matumizi: Kuchagua Njia ya Kufasiri Sheria Katika Rufaa, na Namna ya Kueleza Uamuzi

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, Lord Parker, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu wa Uingereza, aliongoza majopo yaliyosikiliza rufaa tatu kutoka mahakama za mahakimu, na katika kila rufaa swali lilionekana dogo sana: maneno machache ya sheria yana maana gani. Katika Smith v Hughes, makahaba waliokuwa wakiwaita wanaume kutoka dirishani na kwenye roshani walijitetea kwamba wao hawakuwa “barabarani”, kama sheria ya 1959 ilivyosema. Jopo likauliza sheria ile ilitungwa kuondoa kero gani, likajibu kwamba ni kero ya wapita njia kusumbuliwa, na rufaa zao zikakataliwa. Katika Fisher v Bell, mwenye duka aliweka dirishani kisu cha kufyatuka chenye kibandiko cha bei, ilhali sheria ilikataza “kutoa ofa ya kuuza” visu vya aina hiyo. Lord Parker alikiri kwamba hata yeye, alipoyasoma makaratasi kwa mara ya kwanza, aliona ni upuuzi kusema kwamba kisu kile hakikutolewa ofa; hata hivyo alishikilia maana ambayo neno “ofa” linayo katika sheria ya mikataba, ambamo bidhaa iliyowekwa dirishani ni mwaliko tu kwa mnunuzi, na rufaa ya upande wa mashtaka ikashindwa. Katika Adler v George, mtu aliyeshtakiwa kwa kuwazuia walinzi “karibu na” eneo lililokatazwa alidai kwamba hakuwa karibu nalo, bali alikuwa ndani yake. Jopo likasoma maneno hayo kama “ndani ya au karibu na”, na mshtakiwa akashindwa.

Ndani ya miaka michache jaji huyohuyo alifuata dhumuni, kisha maana ya neno lenyewe, kisha akalinyoosha neno ili kuepuka upuuzi. Anayetaka kumcheka atapata nafasi ya kufanya hivyo, lakini mimi naona kisa hiki kinatufundisha jambo la kweli kuhusu kazi ya rufaa, kwamba njia ya kufasiri maneno haichaguliwi kwa uzuri wa nadharia yake, bali kwa kile inachoweza kuweka mezani ili upande ulioshindwa ukikague. Ulinganisho ufuatao umeandikwa kwa ajili ya wale wanaolazimika kuchagua: wakili anayeandaa hoja za rufaa na ambaye nafasi yake ya maandishi ina kikomo, mwanafunzi anayeandika uchambuzi wa hukumu, mtafsiri wa sheria, na hata jaji mpya ambaye hajaamua bado ataandika kwa mtindo gani.

Vigezo vya kulinganisha

Vigezo ni vinne. Cha kwanza ni ushahidi, yaani njia husika inamruhusu jaji kutazama nini na inamkataza kutazama nini. Cha pili ni kutabirika: je, mtu aliyeisoma sheria kabla ya kutenda angeweza kujua mahakama itasema nini? Cha tatu ni namna njia hiyo inavyokosea, kwa kuwa hakuna isiyokosea, na tofauti kubwa iko katika nani anayebeba gharama ya kosa. Cha nne ni maelezo, yaani njia hiyo inaidai hukumu iandike nini. Kuhusu hiki cha nne, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema mwaka 2002, katika English v Emery Reimbold, kwamba haki haitatendeka ikiwa pande zilizoshtakiana hazioni kwa nini mmoja ameshinda na mwingine ameshindwa. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kanada, katika R v Sheppard, iliunga mkono kutenguliwa kwa hukumu ya mtu aliyetiwa hatiani kwa sababu ya madirisha mawili ya wizi, kwani hakimu alikuwa ametoa sababu za jumla mno kiasi kwamba mahakama ya rufaa haikuwa na kitu cha kukagua. Nitakipa kigezo hiki uzito kuliko vingine, na msomaji asiyekubaliana nami anaweza kuupunguza uzito huo na bado akatumia yanayofuata.

Njia ya kwanza: neno lenyewe

Njia hii huanza na maneno yaliyopitishwa na bunge na, kwa kadiri inavyowezekana, huishia hapo. Ushahidi unaokubalika ni maana ya kawaida ya neno, fasili zilizomo ndani ya sheria yenyewe, mpangilio wa vifungu, sarufi, na kanuni za kale za usomaji, kama ile isemayo kwamba neno la jumla likifuata orodha ya vitu mahususi husomwa kwa kufuata jinsi ya vitu hivyo. Mwaka 2015, katika Yates v United States, mvuvi aliyedaiwa kutupa baharini samaki wadogo kuliko ukubwa ulioruhusiwa alishtakiwa chini ya sheria ya 2002 iliyotungwa baada ya kashfa za hesabu za makampuni, ambayo ilikataza kuharibu “rekodi, hati au kitu kinachoshikika” ili kuficha ushahidi. Majaji wanne wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambao wa tano aliungana nao katika matokeo kwa sababu zake mwenyewe, waliona kwamba, kwa kuwa kimetajwa baada ya rekodi na hati, “kitu kinachoshikika” lazima kiwe kitu cha kuhifadhia taarifa. Majaji wengine wanne walipinga, kwa sababu ambayo mtoto yeyote angeielewa, kwamba samaki anashikika.

Kwa upande wa kutabirika, njia hii inasifiwa sana, na sifa hiyo ni ya haki kwa kiasi fulani, kwa kuwa anayeishi chini ya sheria ana maandishi ya sheria lakini hana rekodi za mijadala ya kamati za bunge. Hata hivyo isidhaniwe kwamba maneno yanaleta jibu moja. Katika Bostock v Clayton County, mwaka 2020, majaji sita wa mahakama hiyohiyo waliamua kwamba kumfukuza mtu kazini kwa sababu ni shoga au amebadili jinsia ni kumbagua “kwa sababu ya jinsia”, na watatu wakakataa. Pande zote mbili zilidai kwamba zinafuata maneno yaleyale ya sheria ya 1964.

Inapokosea, hukosea kwa ukavu. Mwaka 1868, katika Whiteley v Chappell, mtu aliyepiga kura kwa jina la marehemu aliachiwa kwa sababu sheria ilikataza kujifanya “mtu yeyote mwenye haki ya kupiga kura”, na marehemu hana haki hiyo. Mwaka 1946, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyegongwa na treni alipokuwa akitia mafuta vifaa vya njia ya reli alinyimwa fidia, kwa kuwa kanuni zilitaja “kutandika upya au kukarabati” na kutia mafuta ni utunzaji tu. Gharama ya kosa hubebwa na yule ambaye mtunga sheria alimsahau. Faida yake ni kwamba kosa la aina hii huonekana na linaweza kurekebishwa: baada ya Fisher v Bell, Bunge la Uingereza liliirekebisha sheria ya visu mwaka 1961.

Hapa mtu anayefanya kazi ya sheria kwa Kiswahili ana jambo la kujivunia na jambo la kujihadhari nalo. Chukua kifungu kinachosema “silaha na magari yaliyosajiliwa”. Katika lugha nyingi swali la iwapo usajili unahusu magari peke yake au pia silaha lingepiganiwa bila msaada wowote wa sarufi. Katika Kiswahili upatanisho unasema jambo: silaha zingedai “zilizosajiliwa”, kwa hiyo “yaliyosajiliwa” yanaelekea kwenye magari. Wakili mwerevu wa upande wa pili atasimama na kusema kwamba Kiswahili fasaha huruhusu kitenzi au kivumishi kupatana na nomino iliyo karibu hata kama kinazihusu zote mbili, na atakuwa amesema kweli. Ukibadilisha “silaha” kuwa “majahazi”, hata huo msaada mdogo wa upatanisho unatoweka. Kwa hiyo anayechagua njia ya neno katika sheria ya Kiswahili asiazime kanuni za sarufi ya Kiingereza na kuzibandika. Ajenge hoja kwa ngeli, kwa “na” na “au”, na kwa mahali palipowekwa kitenzi.

Maelezo yanayodaiwa na njia hii ni hatua za usomaji, moja baada ya nyingine, na uzuri wake ni kwamba mshindwa anaweza kuzirudia nyumbani kwake akiwa na kamusi na nakala ya sheria. Ugonjwa wake ni sentensi “maneno haya yako wazi”. Hukumu inayosema hivyo, huku jaji mwenzake katika jopo hilohilo ameyaelewa vingine, haijaeleza kitu. Inawafaa zaidi washtakiwa katika kesi za jinai, walipa kodi, na kila aliyepanga mambo yake kwa kuyategemea maandishi.

Njia ya pili: dhumuni

Mzizi wake katika mfumo wa Kiingereza ni Heydon’s Case ya 1584, ambayo iliwaachia majaji maswali manne: sheria ilikuwaje kabla, ni kasoro gani ambayo sheria ya zamani haikuitibu, bunge liliamua kuleta dawa gani, na sababu ya kweli ya dawa hiyo ni nini. Ushahidi wake ni mpana: utangulizi wa sheria, jina lake refu, hali iliyokuwapo kabla, ripoti za tume, na wakati mwingine kumbukumbu za Bunge. Uingereza ilizikataa kumbukumbu hizo kwa muda mrefu, hadi Pepper v Hart ya 1992, ambapo ziliruhusiwa kwa masharti: sheria iwe na utata au ilete matokeo ya kipuuzi, maneno yawe ya waziri au mwasilishaji wa muswada, nayo yawe wazi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya huenda mbali zaidi na kuifanya njia hii kuwa desturi ya kila siku. Zipo pia katiba zinazoamuru zisomwe hivyo. Ibara ya 259 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka ifasiriwe kwa namna inayoendeleza madhumuni, maadili na kanuni zake, na katika hali hiyo wakili hana uchaguzi wa njia.

Mfano ninaoupenda hauonyeshi dhumuni likishinda neno, bali likiingia pale neno liliposhindwa. Sheria ya malipo ya saa za ziada ya jimbo la Maine, Marekani, iliwatenga wafanyakazi wanaohusika na mlolongo wa kazi juu ya vyakula vinavyoharibika, na mwisho wa mlolongo huo ulisomeka, kwa Kiswahili chetu, “kuhifadhi, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza”. Madereva wa kampuni moja ya maziwa walisambaza, lakini hawakufungasha. Je, “kusambaza” ni kazi inayojitegemea, au ni mojawapo ya makusudio mawili ya kufungasha? Koma moja kabla ya “au” ingemaliza mambo, na haikuwapo. (Tazama kwamba tafsiri ya Kiswahili inabeba utata uleule; lau mtunzi angeandika “kwa ajili ya usafirishaji au kusambaza”, tofauti ya umbo ingeashiria kazi mbili.) Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizipima hoja zote za sarufi, ikaziona zimelingana, kisha ikageukia madhumuni ya sheria za kazi za jimbo lile, ambazo zinatakiwa kusomwa kwa upana ili kumlinda mfanyakazi. Madereva wakashinda, na shauri likaishia katika suluhu ya dola milioni 5.

Kutabirika kwake kunategemea kama dhumuni ni moja. Sheria nyingi huzaliwa kwa maridhiano, hivyo huwa na madhumuni mawili yanayovutana, na jaji akichagua moja bila kulitaja la pili amefanya kazi ya mbunge kimyakimya. Gharama ya kosa hapa hubebwa na aliyeyaamini maandishi, naye hana pa kulalamikia, kwa kuwa kosa lenyewe halionekani kama la neno linavyoonekana. Ndiyo maana njia hii inadai maelezo mengi kuliko zote. Hukumu inayosema “nia ya Bunge ilikuwa hii” inapaswa ionyeshe nia hiyo imechotwa wapi, kwenye utangulizi, kwenye sheria iliyotangulia au kwenye ripoti fulani, ili mshindwa aende akasome chanzo hicho mwenyewe. Inawafaa wanaotetea makundi ambayo sheria ilitungwa kuyalinda, wanaoshughulikia katiba na haki za binadamu, na wenye sheria za zamani zinazokutana na mambo mapya.

Njia ya tatu: matumizi halisi ya neno

Mara nyingi njia hii huhesabiwa kama tawi la ile ya kwanza. Mimi naitenga kwa sababu ushahidi wake ni tofauti: haitoki kwenye kichwa cha jaji wala kwenye kamusi yake, bali kwa watu wanaolitumia neno. Katika Nix v Hedden, mwaka 1893, waagizaji walipinga kutozwa ushuru wa asilimia 10 wa mboga kwa nyanya walizoingiza, wakisema nyanya ni tunda. Mawakili walisoma kamusi mahakamani, wakaita mashahidi wawili waliokuwa na miaka 30 katika biashara ya matunda na mboga, nao wakasema kwamba katika biashara yao maneno hayo hayana maana ya pekee. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, kisha ikaamua kwa kauli moja kwamba katika lugha ya watu ni mboga, kwa kuwa huliwa pamoja na mlo wenyewe na si baada yake.

Karne moja baadaye, katika Muscarello v United States ya 1998, swali lilikuwa kama mtu mwenye bastola iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha dashibodi ya gari lake “amebeba” silaha, jambo ambalo lingemwongezea kifungo cha miaka mitano. Jaji Breyer, akiwaandikia majaji watano, alileta kamusi, Biblia, riwaya na magazeti, na akaeleza kwamba labda zaidi ya theluthi moja ya sentensi za magazeti zilizochunguzwa zilitumia neno hilo kwa maana ya kuwa na silaha ndani ya gari. Jaji Ginsburg, kwa niaba ya wanne, akajibu kwa Biblia na mashairi yake. Ukiipima kesi hiyo kwa Kiswahili utaona jinsi ushahidi wa matumizi unavyoteleza. “Kubeba” hutuletea kwanza picha ya mgongo, bega au mkono. Lakini tunasema pia “lori limebeba mchanga”, ambapo mbebaji ni lori na si dereva, na bado tunasema “dereva amebeba abiria”, ambapo ni dereva na si gari. Je, bastola katika kisanduku inafanana na mchanga au na abiria? Mtu anaweza kukusanya sentensi elfu moja na bado akabaki na swali hilo, kwa sababu wingi wa matumizi unatuambia watu husema nini mara nyingi, lakini hautuambii mtunga sheria alitaka kukamata nini.

Siku hizi majaji wachache hutumia hifadhidata kubwa za matini. Katika jimbo la Utah, mwaka 2015, mtu alikuwa amefyatua risasi 12 kuelekea nyumba moja, na ikabishaniwa kama ametenda kosa moja la “kufyatua” au makosa 12. Mahakama ilisema 12. Jaji Lee akaunga mkono kwa maoni yake mwenyewe yenye uchambuzi wa hifadhidata, na wenzake wakamlaumu kwamba pande hazikuwa zimeuleta ushahidi huo wala majaji hawajafunzwa kuufanya. Mwaka uliofuata, katika Mahakama ya Juu ya Michigan, majaji wa wengi na wa wachache waliitafuta maana ya neno “taarifa” katika hifadhidata ileile, na wakatoka na majibu mawili.

Kwa kutabirika, njia hii ni nzuri kwa watu wa biashara au fani ambayo lugha yake ndiyo iliyotumika katika sheria, na ni dhaifu kwa wengine. Kosa lake ni kutwaa kilicho cha mara nyingi na kukifanya ndicho pekee. Maelezo inayodai ni ya utaratibu: ni matini gani, ya miaka gani, neno lilitafutwa vipi, sentensi ngapi ziliachwa na kwa nini. Ikiwa hayo yameandikwa, hakuna njia inayokaguliwa kwa urahisi kama hii. Jaji akiyafanya peke yake ofisini baada ya kusikiliza hoja, mshindwa amehukumiwa kwa ushahidi ambao hakupata nafasi ya kuuhoji.

Kueleza uamuzi: sauti moja au sauti nyingi

Kuna mitindo mitatu, na hapa naweza kwenda haraka zaidi, kwa kuwa jopo aghalabu hurithi mtindo wake.

Wa kwanza ni hukumu moja ya mahakama nzima, bila maoni pinzani. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya hufanya hivyo, na vivyo hivyo Mahakama ya Kasesheni ya Ufaransa, ambayo kwa vizazi vingi iliandika uamuzi kwa sentensi moja ndefu iliyogawanywa na “kwa kuwa” nyingi, hadi tarehe 1 Oktoba 2019 ilipoiacha desturi hiyo na kuanza kuandika kwa aya za kawaida zenye namba. Uzuri wake ni uwazi wa amri: mahakama za chini zinajua la kufanya. Ubaya wake ni kwamba ubishi wa ndani huzikwa, na pale jopo lilipovutana, maandishi hulainishwa hadi sababu zenyewe zinafifia.

Wa pili ni kila jaji kutoa sababu zake, desturi ya zamani ya Uingereza. Msomaji anaona fikra za kila mmoja, lakini analazimika kutafuta mwenyewe kiini kilichokubaliwa na wengi, na wakati mwingine majaji watano hufika mahali pamoja kwa njia tano, hata ikawa vigumu kusema mahakama imeamua nini zaidi ya nani ameshinda.

Wa tatu ni hukumu ya wengi, pamoja na maoni ya kuunga mkono na maoni pinzani. Marekani iliufuata baada ya John Marshall kuwa Jaji Mkuu mwaka 1801. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliruhusu maoni tofauti mwaka 1970, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu inayaruhusu pia. Faida yake kubwa katika kufasiri maneno ni kwamba maoni pinzani huizuia sentensi ile ya “maneno yako wazi” isipite bila kujibiwa: majaji wanne waliopinga katika Yates waliwalazimisha wenzao kueleza kwa nini samaki anayeshikika si kitu kinachoshikika. Hasara ni ukali wa lugha, ambao katika baadhi ya mahakama umeanza kuandikwa kwa ajili ya magazeti kuliko kwa ajili ya mrufani.

Mitindo hii haifai sawasawa kwa kila njia ya kufasiri. Sauti moja huenda vizuri na njia ya neno, kwa sababu hatua za sarufi zinaweza kuandikwa na mkono mmoja. Njia ya dhumuni hunufaika na maoni pinzani, kwa kuwa dhumuni la pili lililoachwa linahitaji mtu wa kulitaja. Na hesabu za matumizi zinahitaji kiambatisho kuliko zinavyohitaji jaji wa nne.

Mwongozo kwa hali

Ikiwa unamtetea mtu katika rufaa ya jinai, anza na neno na ukae hapo, kwani utata unaobaki baada ya usomaji wa haki humnufaisha mshtakiwa katika mifumo mingi. Iwapo wewe ndiwe upande wa mashtaka, usikimbilie dhumuni kabla ya kuonyesha kwamba neno linaweza kuubeba usomaji wako. Adler alishindwa kwa sababu “karibu na” iliweza kunyooshwa bila kukatika.

Ukiwatetea wafanyakazi, wapangaji au kundi lolote lililolindwa na sheria, fuata mpangilio wa kesi ya madereva: thibitisha kwanza kwamba sarufi imefika mwisho wake, ndipo ulete dhumuni, na ulete pamoja na kifungu kinacholitamka.

Katika kodi, ushuru na mikataba ya fani maalumu, tafuta mashahidi wa fani hiyo mapema, katika mahakama ya mwanzo, kwa sababu mahakama za rufaa hazipokei ushahidi mpya kwa urahisi. Ukitaka kutumia hifadhidata, iweke kwenye kumbukumbu za shauri ukiwa bado huko chini, na utaratibu wako ukiwa umeandikwa.

Sheria ikiwa katika lugha zaidi ya moja, swali la kwanza ni toleo lipi lina nguvu. Katika Umoja wa Ulaya matoleo ya lugha zote 24 yana uzito sawa, na tangu shauri la CILFIT la 1982 mahakama za kitaifa zinakumbushwa kuyalinganisha. Nchini Kenya ibara hiyohiyo ya 259 inasema kwamba matoleo ya Katiba yakigongana, la Kiingereza ndilo linalotawala. Tanzania mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo mwenye rufaa huko aangalie kifungu chake kilitungwa kwa lugha gani kabla ya kujenga hoja juu ya ngeli au kiungo.

Anayefasiri mkataba wa kimataifa hana haja ya kuchagua, kwa kuwa kifungu cha 31 cha Mkataba wa Vienna wa 1969 kinaunganisha maana ya kawaida, muktadha na dhumuni katika sentensi moja. Kazi yake ni kuonyesha vyote vitatu bila kuruka kimoja.

Mwanafunzi anayeandika uchambuzi asianze kwa kuipachika hukumu jina la njia. Aorodheshe kwanza kila ushahidi ambao jaji ameutaja kwa ajili ya neno linalobishaniwa, aangalie upi ulitokana na hoja za pande na upi aliuleta jaji mwenyewe, kisha asome maoni pinzani, ikiwa yapo, kabla ya kurudi kwenye hukumu ya wengi.

Na kwa jaji ambaye bado hajaamua mtindo wake: andika aya inayolieleza neno linalobishaniwa kana kwamba msomaji wake wa kwanza ni aliyeshindwa, taja usomaji wake kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeukubali kuwa ndio wake, ndipo uandike kwa nini haukufuatwa.